Matatizo ya Giaboksi na Mkono wa Gia katika Magari Madogo ya Zamani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipia Matengenezo

Magari mengi madogo yanayotembea katika barabara za Tanzania yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo, hususan Japani. Si ajabu kumkuta mwananchi akiendesha Toyota Corolla, Carina, Premio au Nissan Sunny yenye umri wa miaka 15, 20 au zaidi. Umri peke yake si kasoro. Gari lililotunzwa huweza kumtumikia mwenyewe kwa miaka mingi. Hata hivyo, katika magari ya umri huo giaboksi ni miongoni mwa sehemu ambazo matengenezo yake ni ya gharama kubwa, na ambazo mlaji wa kawaida hana njia rahisi ya kujua kama alichoambiwa na fundi au muuzaji ni kweli.

Tumeandaa sehemu hii ya kijitabu kwa sababu mbili. Kwanza, kasoro ndogo ya swichi au kebo huweza kufanana na giaboksi iliyokufa, na mlaji asiyejua tofauti hiyo huweza kulipia giaboksi nzima pasipo sababu. Pili, baadhi ya kasoro za mkono wa gia zinahatarisha maisha, kwa kuwa gari linaloonekana limefungwa linaweza kubingirika. Hatukusudii kumgeuza msomaji kuwa fundi. Tunakusudia aweze kueleza tatizo kwa usahihi, kuuliza maswali yanayofaa, na kutambua pale anapodanganywa.

Tenganisha mkono wa gia na giaboksi

Mkono wa gia ulio karibu na dereva haubadilishi gia wenyewe. Huvuta kebo au vyuma vinavyopeleka agizo la dereva kwenye giaboksi. Katika gari la otomatiki, giaboksi hufanya kazi kwa mgandamizo wa oili unaobana na kuachia pleti ndani yake. Katika gari la gia za mkono, dereva hukata nguvu ya injini kwa klachi, kisha huchagua gia mwenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, tatizo liko kwenye kutoa agizo au kwenye kulitekeleza? Mkono ukigoma kusogea, ukilegea, au ukionyesha herufi isiyolingana na gia iliyoingia, chanzo huenda kiko nje ya giaboksi, na mara nyingi matengenezo yake ni nafuu. Mkono ukisogea vizuri lakini gari likachelewa kuondoka, likanguruma bila kuongeza mwendo, au likashtuka kila linapobadili gia, hapo ndipo giaboksi yenyewe na oili yake vichunguzwe.

Mkono kugoma kutoka kwenye P

Magari mengi ya otomatiki yana kufuli linalozuia mkono kutoka kwenye P mpaka ufunguo uwe umewashwa na pedeli ya breki iwe imekanyagwa. Kufuli hilo hupata taarifa kutoka kwenye swichi ileile inayowasha taa za breki. Swichi hiyo ikiharibika, au fyuzi yake ikiungua, gari halitajua kuwa breki imekanyagwa, na mkono utabaki umefungwa.

Kipimo chake ni chepesi. Mwombe mtu asimame nyuma ya gari wakati unakanyaga breki. Taa za breki zisipowaka, anza na fyuzi na swichi. Usikubali kuambiwa giaboksi imekwisha kabla vitu hivyo viwili havijakaguliwa. Pia usiendelee na safari, kwani gari lisilo na taa za breki ni hatari kwa walio nyuma yako.

Magari mengi yana kitufe au tundu dogo lenye kifuniko karibu na mkono wa gia, lililokusudiwa kufungua kufuli hilo kwa dharura. Vuta hendibreki kwanza, kanyaga breki, kisha bonyeza kwa ncha ya ufunguo au bisibisi huku ukisogeza mkono. Njia hii ni ya kukufikisha gereji tu.

Mkono ukigoma pale tu unapoegesha mlimani, huenda hakuna kilichoharibika. Katika P, kijino kimoja cha chuma ndani ya giaboksi huzuia magurudumu. Ukiweka P bila hendibreki, uzito wote wa gari hulala juu ya kijino hicho na kukibana. Utaratibu unaofaa ni kusimamisha gari kwa breki, kuvuta hendibreki, kuachia breki taratibu ili gari likae, kisha kuweka P.

Herufi na gia kutolingana

Katika gari la zamani, bushi za plastiki au mpira zinazoshikilia kebo ya gia huchakaa. Mkono huanza kulegea, na herufi inayoonekana haiwi tena gia iliyoingia. Dalili zake ni hizi: gari kuwaka likiwa kwenye N lakini kukataa kwenye P, ufunguo kukataa kutoka ingawa mkono uko P, au dereva kulazimika kuusukuma mkono kidogo ndipo gari liondoke.

Kasoro hii isipuuzwe hata kidogo. Mkono ukiwa kwenye P bila kijino kuingia sawasawa, gari huweza kubingirika baada ya dereva kushuka. Vilevile, gari la otomatiki limetengenezwa liwake kwenye P au N pekee. Likiwaka kwenye D au R, swichi ya usalama au marekebisho ya kebo yana hitilafu, na gari lisitumike mpaka litengenezwe. Kwa muda wote huo tumia hendibreki na uweke kabari au jiwe kwenye gurudumu kila unapoegesha.

Oili ya giaboksi inasema nini

Oili ndiyo inayosukuma, kupoza na kulainisha giaboksi ya otomatiki. Katika magari mengi ya Toyota yenye kijiti cha kupimia, kipimo hufanywa gari likiwa limepata joto la kawaida, limesimama mahali tambarare, injini ikiwa inaunguruma, baada ya mkono kupitishwa kwenye nafasi zote na kurudishwa P. Watengenezaji wengine hutaka injini izimwe, na baadhi ya magari hayana kijiti kabisa. Fuata kitabu cha gari husika.

Aina nyingi za oili hii huwa na rangi nyekundu ikiwa mpya. Rangi ya kahawia huonyesha kuwa imezeeka. Rangi nyeusi yenye harufu ya kuungua huashiria kuwa pleti za ndani zimeanza kuungua, na katika hali hiyo kubadilisha oili peke yake hakurudishi pleti zilizokwisha. Rangi ya waridi yenye ukungu kama maziwa huonyesha kuwa maji yameingia, mara nyingi kutokana na kupasuka kwa sehemu ya rejeta inayopoza oili. Gari la namna hiyo lizimwe mara moja. Oili ikipungua, tafuta inakovuja, kwa kuwa giaboksi haiunguzi oili kama injini chakavu ifanyavyo. Oili ikizidi nayo ina madhara, maana hutoa povu na kupunguza mgandamizo.

Aina ya oili ina uzito uleule kama kiasi chake. Oili za Toyota T-IV, WS na ile ya giaboksi za CVT si kitu kimoja. Gari la jina moja huweza kuwa na toleo lenye giaboksi ya kawaida na toleo lenye CVT, hivyo jina lililoandikwa nyuma ya gari halitoshi. Muuzaji wa oili akikuambia "zote ni za otomatiki", usinunue. Sisitiza aina iliyoandikwa kwenye kitabu au kwenye kijiti, na uone kopo likifunguliwa mbele yako.

Dalili nyingine na maana zake

Gari likichelewa kuondoka baada ya kuweka D au R, hasa asubuhi, kagua kiasi cha oili kwanza. Injini ikinguruma lakini mwendo usiongezeke, pleti zinateleza, na kila kilomita inayoendeshwa huongeza uharibifu. Gari likibaki katika gia moja na kukataa kubadili, kompyuta yake huenda imegundua hitilafu ya umeme na kuishikilia gia hiyo ili kulinda giaboksi. Tatizo la namna hii huweza kuwa la waya au kihisi, hivyo gari lipimwe kwa kompyuta kabla giaboksi haijafunguliwa.

Taa ya "O/D OFF" huleta mkanganyiko mwingi. Ikiwaka bila kupepesa, maana yake kitufe kilicho kwenye mkono wa gia kimebonyezwa na gia ya juu imezuiwa. Injini itapiga kelele barabara kuu na mafuta yatakwisha haraka, lakini hakuna kilichoharibika. Bonyeza kitufe tena. Katika magari mengi ya Toyota ya zamani, taa hiyo ikipepesa ndipo inapotoa taarifa ya hitilafu.

Kwa magari ya gia za mkono, gia zote zikigoma au kukwaruza injini ikiwa inaunguruma lakini zikaingia vizuri injini ikizimwa, chunguza klachi kwanza. Huenda kebo imelegea au mafuta ya klachi yamevuja. Gia moja tu ikikwaruza, au ikijitoa yenyewe njiani, chanzo huenda kiko ndani ya giaboksi au kwenye vyuma vya kuchagulia gia. Gia ya kurudi nyuma katika magari mengi huhitaji gari lisimame kabisa na dereva asubiri kidogo baada ya kukanyaga klachi.

Mazoea yanayoharibu giaboksi

Usibadili kutoka D kwenda R gari likiwa bado linatembea. Usiweke N kwenye mteremko kwa nia ya kuokoa mafuta, kwa kuwa unapoteza msaada wa injini katika kupunguza mwendo na kuzielemea breki. Gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Pia halifai kuvutwa kwa kamba umbali mrefu magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, kwa sababu katika giaboksi nyingi pampu ya oili haifanyi kazi injini ikiwa imezimwa. Lipakizwe kwenye gari la kubebea, au magurudumu hayo yainuliwe.

Unapofika gereji

Eleza dalili, usitaje ugonjwa. Sema "gari huchelewa kuondoka likiwa la baridi", wala usiseme "giaboksi imekufa", maana kauli hiyo humfungulia mlango fundi asiye mwaminifu. Omba uchunguzi uanze na vitu vya gharama ndogo: fyuzi, swichi, kebo, oili, waya, kisha giaboksi. Omba makadirio ya maandishi kabla ya kazi kuanza, na mkubaliane kwamba hakuna nyongeza bila idhini yako. Dai vipuri vilivyotolewa. Dai risiti ya EFD.

Ukishauriwa kununua giaboksi iliyotumika, linganisha namba yake na ile iliyo kwenye kibati cha gari. Katika magari ya Toyota, kibati hicho huwa na mstari ulioandikwa "TRANS/AXLE". Pata dhamana ya maandishi inayotaja muda wake na kama inahusu pia gharama ya fundi kuifunga na kuifungua.

Unaponunua gari

Kagua gari likiwa halijawashwa siku hiyo. Muuzaji akiwa amelipasha moto kabla hujafika, rudi siku nyingine, kwani baadhi ya kasoro hujificha joto likipanda na nyingine huonekana joto likipanda. Kwa sababu hiyo liendeshe angalau dakika 20, upande mlima, urudi nyuma, na ujaribu P mahali penye mteremko mdogo huku mguu ukiwa tayari juu ya breki.

Sheria inakulinda, lakini ina masharti. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka anayeuza bidhaa kama biashara yake auze bidhaa yenye ubora unaokubalika. Ulinzi huo wa ubora haumhusu kwa namna hiyohiyo mtu binafsi anayeuza gari lake mwenyewe. Aidha, mnunuzi aliyelikagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Kwa hiyo ukaguzi wa nusunusu humdhuru mnunuzi mara mbili: hauoni kasoro, na huweza kudhoofisha dai lake. Mpeleke fundi unayemwamini wewe, si aliyeletwa na muuzaji.

Ahadi za muuzaji kuhusu giaboksi ziandikwe kwenye mkataba, zikiwa na tarehe na saini. Tatizo likitokea, acha kuliendesha gari, piga picha ya taa zilizo kwenye dashibodi, na umwarifu muuzaji au gereji kwa maandishi mapema iwezekanavyo. Asipolitatua, wasilisha lalamiko kwetu ukiambatisha mkataba, risiti, makadirio na ripoti ya fundi mwingine. Lalamiko lenye nyaraka hizo tunaweza kulishughulikia. Lalamiko la mdomo mtupu mara nyingi huishia kuwa neno la mtu mmoja dhidi ya mwingine.