Presha na Miguu Baada ya Ugwe Mgongo Kuumia

Mtu aliyeumia ugwe mgongo akiinuliwa ghafla kitandani huona kizunguzungu, macho yakaingia giza, na pengine huzirai mikononi mwa anayemwinua. Wengi hudhani ni njaa. Mishipa ya fahamu inayoiamuru mishipa ya damu ibane hutoka kwenye ugwe, kuanzia usawa wa kifua hadi mwanzo wa kiuno. Jeraha likiwa shingoni, amri ya ubongo haifiki. Damu huteremka tumboni na miguuni. Misuli ya miguu, ambayo kwa anayetembea huisukuma irudi moyoni, nayo imelala. Jioni vifundo huvimba; ukibonyeza kwa kidole, shimo hubaki.

Ndiyo maana huinuliwa kidogo kidogo, akiwa amefungwa mkanda mpana tumboni au amevaa soksi za kubana zisizo na mikunjo.

Presha yake ya kila siku basi huwa ya chini, mara nyingi 90 hadi 110 kwa namba ya juu. Hapo ndipo wahudumu huteleza: 140, isiyomshtua mtu zahanati, kwake yaweza kuwa dharura. Jeraha likiwa pingili ya sita ya kifua au juu yake, kibofu kilichojaa, mpira wa mkojo uliojikunja au choo kigumu huuchochea ugwe ulio chini ya jeraha kuibana mishipa bila kizuizi cha ubongo, na presha hupanda. Kichwa hugonga, uso hutoka jasho, mapigo hupungua. Kabla ya kidonge chochote aketishwe wima, nguo zilegezwe, mpira ukaguliwe.

Chala, wilayani Nkasi mkoani Rukwa, kuna hatari nyingine. Baridi ya Ufipa ya Juni na Julai huwakusanya watu kwenye jiko la mkaa, na mguu usio na hisi huungua mwenyewe akiendelea na mazungumzo. Kidonda hicho hupona polepole, na chenyewe chaweza kupandisha presha.

Majeruhi wa Rukwa akipewa rufaa ya Taasisi ya Mifupa (MOI), Muhimbili, Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 1,000 bila kusogeza miguu, katika miezi ya mwanzo ambayo damu huganda kwa urahisi zaidi. Dalili za kuganda huko ni mguu mmoja kuvimba na kuwa na joto kuliko mwenzake, bila maumivu. Mguu huo haukandwi wala kuchuliwa, kwa sababu bonge la damu laweza kung'oka likaenda mapafuni.