Dakika Mbili, Mipira Miwili, Goli Moja

Mwalimu wa michezo wa Genkuru, au wa kijiji kingine chochote cha Tarime na Serengeti, akitaka kuanzisha timu ya mpira wa kikapu, atakwama kwanza kwenye ardhi. Mchezo huu unataka sakafu ngumu ili mpira udunde, na mvua za Tarime haziuachi uwanja wa udongo ukauke upesi. Lakini lipo zoezi moja, linalojulikana kwa makocha wa nchi nyingi, ambalo mpira haudundishwi hata mara moja. Linataka goli, mipira miwili, wachezaji watatu na saa.

Watatu hao hulizunguka goli kwa umbali wa hatua nne au tano, wawili wakiwa na mipira mkononi. Filimbi ikilia, wa kwanza anashuti, kisha anaukimbilia mpira wake mwenyewe, uwe umeingia au umekosa. Akishaudaka anampasia yule asiye na mpira, halafu anakwenda mbio kutafuta nafasi nyingine. Wakati huo mwenye mpira wa pili ameshashuti naye, na yuko njiani kuufuata. Dakika mbili zikiisha, vikapu vya wote watatu vinajumlishwa, na kundi linalofuata linaingia kuifukuzia hesabu hiyo.

Hesabu ni ya kundi, na utamu wa zoezi uko hapo. Tuseme shuti moja linapigwa kila baada ya sekunde tatu: kwa dakika mbili ni mashuti 40. Mpira mmoja ukiachwa uviringike mpaka majanini, mashuti kadhaa yamekwenda na maji. Vijana hawachelewi kugundua kwamba anayewaangusha si lazima awe aliyekosa. Mara nyingi ni yule aliyeshuti akasimama kuutazama mpira unavyopaa.

Mechi nayo inadai hivyohivyo. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, timu yenye mpira ina sekunde 24 za kushuti. Shuti likigonga ringi na timu hiyohiyo ikaupata mpira tena, saa inarudishwa kwenye sekunde 14: nafasi ya pili ipo, ila ni fupi. Ribaundi ya namna hiyo, yaani kuudaka mpira uliokosa, ni mali, na haiji kwa bahati. Makocha hufundisha kwamba shuti la pembeni likikosa huelekea zaidi kuangukia upande wa pili, na shuti la mbali hurudi mbali. Mchezaji anayekimbilia mpira wake mara kumi na tatu kwa dakika mbili anaanza kuijua mikondo hiyo bila kuhubiriwa.

Watanzania wakitaja ribaundi humfikiria Hasheem Thabeet, na wana haki. Kijana huyo wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, alidaka zaidi ya ribaundi kumi kwa mechi katika msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa chaguo la pili la NBA nzima, ligi kuu ya Marekani. Hata hivyo urefu si kila kitu. Dennis Rodman, mfupi kwake kwa sentimita 20, aliongoza ligi hiyo kwa ribaundi misimu saba mfululizo, kuanzia 1992 hadi 1998, na alisifika kwa kuchunguza jinsi mipira ya wenzake ilivyozunguka hewani.

Na goli litoke wapi? Nguzo ya mpira wa pete inatosha kuanzia. Michezo hii miwili ni ndugu: James Naismith alibuni mpira wa kikapu huko Springfield, Marekani, mwaka 1891, na muda si mrefu Waingereza wakaugeuza kuwa mchezo wa pete. Ringi zote mbili ziko mita 3.05 kutoka chini. Ila ya kikapu ina upana wa sentimita 45, na ya pete 38 tu. Maana yake, binti aliyezoea kufunga kwenye pete amekuwa akilenga tundu dogo zaidi kwa urefu uleule, na akiingia kwenye zoezi hili huenda akawaaibisha kaka zake.

Nguzo ya pete haina ubao, kwa hiyo mpira uliokosa unaweza kuangukia upande wowote. Kwa mafunzo ya kukimbilia mpira hilo ni jema. Kwa kujifunza kuugongesha ubaoni halifai, na siku moja itabidi fundi seremala aitwe.

Mwalimu awe macho kwa jambo moja. Saa ikianza kubana, watoto husogea chini kabisa ya goli na kufunga vikapu vya bure. Mstari wa chokaa au majivu uchorwe, na kikapu kilichofungwa ndani yake kisihesabiwe. Mwenye kuhesabu atoke kundi linalosubiri zamu.