Tangi la Mjusi Lisipashwe Lote

Swali limetoka Mafinga, na limekuja kwa wakati wake. Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa mwelekeo wa kipupwe, Juni hadi Agosti, Nyanda za Juu Kusini, iliko Mafinga, hazikosi kutajwa kwa baridi. Muulizaji anataka kufuga mjusi-chui, yule mjusi wa manjano mwenye madoa meusi na mkia mnene, ambaye asili yake ni nchi kavu za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India, na ambaye siku hizi huzalishwa na wafugaji katika nchi nyingi. Tangi la kioo la urefu wa sentimita 90 tayari analo. Anauliza: taa ya wati ngapi itatosha kulipasha tangi lote usiku wa Julai? Chakula, kalsiamu na mchanga wa kutandika nayapita, maana yanaelezwa kila mahali. Linalonishughulisha ni neno moja la swali lenyewe: “lote”. Tangi likipashwa lote sawasawa, hata kwa joto ambalo kitabu kinalisifu, mjusi ananyang'anywa chombo anachokitegemea kuishi. Na baridi ya Mafinga, Iringa au Mbeya, ambayo muulizaji anaiona kuwa adui, ni nusu ya mtambo anaoujenga.

Tuanze na jina, kwa sababu jina baya limezaa swali baya. Shuleni tulifundishwa kwamba mijusi, nyoka na vyura ni “wanyama wa damu baridi”. Mjusi wa jangwani aliyelala juu ya mwamba saa sita mchana anaweza kuwa na damu ya nyuzi 38 au zaidi, moto kuliko ya mwalimu anayemwita wa damu baridi. Kinachomtofautisha nasi ni mahali anapolipata joto: sisi tunalizalisha ndani kutokana na chakula, yeye analitafuta nje. Kwa kazi hiyo Kiswahili kina kitenzi kizuri mno, kuota. Tunaota jua, tunaota moto. Basi mnyama huyu ni mwotajoto, na wenzake ni waotajoto. Najua pingamizi: kuota ni pia kuona ndoto, na hata mbegu huota. Wapo watakaopendelea “mchotajoto” ili kukwepa utata huo, lakini anayechota hujaza ndoo akaenda zake, ilhali mjusi hukaa, hugeuka, husogea, hurudi. Wengine watasema mjusi-chui hutembea usiku, kwa hiyo haoti jua. Kweli, yeye huota jiwe. Hulala tumbo chini juu ya jiwe lililoshiba jua la mchana, akapokea joto lake baada ya jua kuzama. Kitenzi kimoja kinabeba jua, moto na jiwe bila kulalamika, na sioni sababu ya kukiacha.

Fikiria jiko la mkaa jioni ya Julai, watu wamelizunguka. Bibi mwenye baridi ya mifupa amelikaribia hadi magoti yanang'aa. Mtoto aliyetoka kukimbia uani amekaa karibu na mlango. Baba ameupasha mgongo vya kutosha, sasa anageuza tumbo. Aliyemaliza kula anavuta kigoda nyuma kidogo, mwenye mafua anakivuta mbele. Hakuna hata mmoja anayeuliza chumba kina nyuzi ngapi, na wastani wa joto la chumba hicho usingemfaa mtu yeyote. Kila mmoja anatafuta umbali wake, na umbali huo unabadilika kila robo saa. Sasa liondoe jiko, uzipashe kuta zote nne kwa joto moja. Bibi anatetemeka, mtoto anatoka jasho, na wote wawili hawana pa kusogea. Ndivyo lilivyo tangi lililopashwa lote. Katika mwili wetu sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi hupima joto na kuamuru: misuli itetemeke, mishipa ya ngozi ifunguke, jasho litoke. Mjusi naye ana sehemu hiyo hiyo, na inapima kwa makini vilevile, ila amri zake nyingi huenda miguuni. Ubongo wake ndio kidhibitijoto, miguu ndiyo swichi, na mteremko wa joto kutoka upande wa moto hadi upande wa baridi ndio waya unaoviunganisha. Ukiusawazisha mteremko, umekata waya. Kidhibitijoto kinaendelea kutoa amri zisizofika popote.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unahusu homa. Katikati ya miaka ya 1970, Matthew Kluger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walimchunguza mjusi wa jangwani aitwaye Dipsosaurus dorsalis. Walimweka penye upande wa moto na upande wa baridi, wakamwachia achague. Alipokuwa mzima, mwili wake ulikaa karibu na nyuzi 38. Walipomdunga bakteria, alianza kukawia upande wa moto hadi mwili ukapanda kwa takribani nyuzi 2. Hakutetemeka, wala mwili wake haukuwasha tanuri lolote la ndani. Alitembea kuifuata homa. Je, ilimsaidia? Mwaka 1975 waliwafungia mijusi walioambukizwa katika joto lisilobadilika, kundi moja nyuzi 34, jingine 36, 38, 40 na 42. Kadiri joto lilivyokuwa juu, ndivyo wengi zaidi walivyopona. Mwaka uliofuata waliwapa wengine dawa ya jamii ya aspirini: waliopoteza homa kwa dawa hiyo walikufa, walioendelea kuwa na homa walipona. Nimejaribu kuiita hali hii “homa ya kuota”, nikaiacha, kwa sababu msomaji atadhani ni homa ya ndotoni. “Homa ya kujitafutia” inasema kilicho kweli: mgonjwa anakwenda kuichukua. Mjusi-chui ni wa jamii nyingine, lakini mtambo wa kuchagua joto ni ule ule. Sasa mtazame katika tangi lenye nyuzi 28 kila kona, joto ambalo mfugaji anajivunia. Akiugua, homa yake iko ukutani, nje ya kioo, mahali asipoweza kufika.

Atakayepinga atasema usiku wa Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hushuka chini ya nyuzi 10 mwezi Julai, na kwamba joto moja la uhakika ni salama kuliko mchezo wa kuchagua. Pingamizi hili lina uzito, kwa sababu nyuzi 8 zitamdhuru mjusi-chui. Lakini kinachohitajika hapo ni kuizuia baridi isivuke mpaka, na hilo halidai kuifuta tofauti ya pande mbili. Upande wa moto uwake usiku kucha, upande wa pili ufunikwe usishuke chini ya nyuzi 18 hivi, na mteremko unabaki. Mfugaji wa kuku wa Iringa analijua jambo hili bila kufundishwa na mwanasayansi. Katika bruda, yaani banda la kulelea vifaranga kwa joto, vifaranga wakirundikana chini ya taa wameona baridi, wakikimbilia pembeni wamezidiwa na joto, wakitawanyika wakila wameridhika. Asingeweza kuwasoma hivyo kama bruda ingekuwa na joto moja. Kwa upande wa mteremko, Dar es Salaam ndiko kwenye taabu: chumba chenye nyuzi 31 hakina upande wa baridi wa kumpa mjusi. Chumba cha Mafinga chenye nyuzi 18 kinautoa bure. Wewe unaongeza moto upande mmoja tu.

Pingamizi la pili linatoka mlimani. Kinyonga wa pembe tatu wa Milima ya Poroto, Trioceros fuelleborni, hulala matawini usiku wa baridi kali bila taa ya mtu, basi kwa nini mgeni adekezwe? Kwa sababu mlima wenyewe ni tangi lililopangwa vizuri. Asubuhi kinyonga hutoka upande wa jua, huupanua ubavu na kuutia weusi ili unywe mwanga, kisha akiisha kuwaka hurudi kivulini. Jike lake halifukii mayai katika udongo ule wa baridi. Hubeba watoto tumboni na kuwazaa wakiwa hai, kwa hiyo mama anapokwenda kuota jua, mimba nayo inaota. (Kumkamata bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumwingiza mjusi wa kigeni nako kunataka vibali.)

Kwa tangi la Mafinga, basi, mkeka wa joto utandikwe chini ya theluthi moja ya sakafu, mwisho mmoja, nao uongozwe na kidhibitijoto chenye kihisio kilichogusa sakafu pale pale mjusi anapolaza tumbo: nyuzi 31 hadi 33. Mwisho wa pili uwe na nyuzi 24 hadi 26 mchana. Mgongo na ubavu wa upande wa baridi uzungushiwe ubao. Vificho viwe vitatu, kimoja kila mwisho na chenye unyevu katikati, kwa sababu mjusi mwoga huchagua giza kabla ya joto. Ukimpa kificho upande wa moto peke yake, umemfungia huko bila kufuli. Umeme ukikatika, tangi lifunikwe blanketi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa iwekwe upande ule ule wa mkeka, na asilishwe hadi joto lirudi, maana chakula hakisagiki katika tumbo lililopoa. Ama wati, sina namba ya kutoa: wati hupima umeme unaoliwa, na sakafu ya nyumba moja haifanani na ya nyingine. Liwashe tangi tupu siku tatu, usome vipimajoto viwili saa kumi na moja alfajiri, baridi inapofika kilele chake. Mjusi akishaingia, msome yeye kama unavyosoma vifaranga. Akihama mara kadhaa kati ya pande mbili kwa siku, umepatia. Akikaa upande wa moto mfululizo, gusa kwanza upande wa baridi. Ukiukuta uko sawa, mpeleke kwa daktari wa mifugo, na usiuzime mkeka.