Kisu na Kamani Yake
Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, walinena wahenga. Na Soko la Burma, Nairobi, ni soko la nyama. Huko muuza nyama alinionyesha kisu chake cha kukunja, kamani imelegea. “Mzee wangu, nitie ya nyuzi za kaboni?”

Nikamwambia: kwa mpini zafaa; ni nyepesi, ngumu, wala hazishiki kutu. Lakini kazi ya kamani ni kupinda na kurudi. Feleji ikizidiwa, aghalabu hupinda kwanza, ukaona. Kaboni iliyoshikwa kwa gundi hukatika ghafula, na makali yakamrudia mwenyewe vidoleni.

Basi, ndugu msomaji, mpini na uwe wa kaboni, kamani ibaki ya feleji. Wepesi ni jambo jema, ila vidole haviuzwi sokoni.