Mdondo Hausikii Antibayotiki

Kiangazi kikikolea Ufipa, mkoani Rukwa, na upepo mkavu ukivuma, wafugaji wa kuku wa kienyeji hupata hofu. Ni majira ya mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku huzubaa, huharisha kijani, shingo humpinda, na kabla wiki haijaisha banda zima linaweza kuwa tupu.

Hapo wengi, huko kama kwingineko nchini, hukimbilia duka la dawa za mifugo kununua unga wa oksitetrasaiklini wa kuchanganya kwenye maji. Pesa hiyo imepotea. Mdondo huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Kuku wawili watatu wakinusurika, sifa hupewa unga, kumbe wamepona kwa kinga yao wenyewe. Jirani naye anaelekezwa dawa ileile.

Kinachookoa kuku ni chanjo. Ile ya I-2, iliyobuniwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu, inatengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Ni tone moja jichoni, kwa kifaranga na kwa jogoo, kila baada ya miezi mitatu. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingine, jambo kubwa kwa mkoa ulio mbali na Dar es Salaam kama Rukwa, ingawa nayo yafaa ikae kivulini, mahali pa baridi. Kinga huchukua hadi wiki mbili kujengeka, hivyo anayengoja kuku wa jirani waanze kufa amekwisha kuchelewa. Na kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi, majirani wakichangiana na kuchanja siku moja, gharama inakuwa ndogo kwa kila mmoja.

Antibayotiki ina kazi yake: homa ya matumbo ya kuku, kwa mfano, huletwa na bakteria. Kuhara damu kwa vifaranga ni jambo jingine tena, kuna dawa yake. Tatizo ni kwamba kwa macho magonjwa haya hufanana, kuku wote wanazubaa na kuharisha. Ndiyo maana ofisa mifugo aitwe mapema, ikiwezekana apasue mzoga mbichi aone ndani.

Dawa ikitumiwa ovyo, au dozi ikikatishwa kuku akichangamka, bakteria sugu ndio wanaobaki na kuzaana. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya hivyo mwaka 1945. Mwaka 2019 bakteria sugu walisababisha vifo vya watu wapatao milioni 1.27 duniani. Tanzania ilizindua mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu huo mwaka 2017, ukigusa binadamu na mifugo kwa pamoja, kwani bakteria wa bandani hufika jikoni.

Kuna na mayai. Kuku anayetibiwa hutaga mayai yenye mabaki ya dawa, na bado watoto hupikiwa asubuhi inayofuata. Siku za kusubiri kabla ya kula mayai hayo huandikwa kwenye pakiti ya dawa. Asiyeziona amuulize muuzaji kabla hajalipa.