Jaa la Januari lina mboji ya masika

WAGENI wamekwisha kurejea Nairobi, Nakuru na Mombasa, na katika maboma mengi ya Maseno kilichosalia nyuma ya jikoni ni jaa lililonenepa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Humo mna maganda ya ndizi, manyoya ya kuku, mashina ya sukumawiki, majivu ya meko, chupa za soda, karatasi za zawadi na nepi za wajukuu walioletwa kuwaona nyanya zao. Aghalabu hatima ya vyote hivyo ni kiberiti. Moshi mweusi hupaa jioni moja, na mwenye boma hujihesabia kuwa amefanya usafi.

Alichokichoma, kwa sehemu kubwa, ni mbolea yake. Sera ya taifa ya usimamizi wa taka ya 2021 inakadiria kuwa kati ya asilimia 60 na 70 ya taka za Kenya ni zile zinazooza. Ganda la ndizi lililotengwa ni chakula cha udongo. Likichanganywa na nepi na plastiki halimfai yeyote.

Nao udongo wa Maseno una njaa. Eneo hili lililo kwenye mstari wa ikweta, mpakani mwa kaunti za Kisumu na Vihiga, lina watu wengi na mashamba madogo yaliyolimwa mahindi msimu baada ya msimu. Utafiti uliofanywa huku magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 ulibaini upungufu mkubwa wa fosforasi na nitrojeni. Wakulima wenyewe hawakuhitaji maabara kulijua hilo, kwani gugu la striga, ambalo Waluo huliita kayongo, hustawi pale udongo ulipochoka. Watafiti hao walionyesha pia kuwa majani ya Tithonia, kile kichaka chenye maua ya manjano mithili ya alizeti kinachoota kando ya barabara na kwenye nyua, yana virutubisho vingi na huoza upesi. Hayauzwi dukani, ni panga tu linalohitajika.

Kinachoipa Januari uzito ni kalenda. Mvua ya masika kwa kawaida huanza Machi, na mboji iliyorundikwa vyema huiva kwa miezi miwili hadi mitatu. Anayeanza sasa atakuwa nayo wakati wa kupanda.

Chagua mahali penye kivuli, pasipotuama maji, mbali na kisima. Tandaza mabua ya mahindi na vijiti chini ili hewa ipite. Juu yake weka tabaka la vitu vikavu kama majani na magunzi yaliyopondwa, kisha vitu vibichi kama maganda, mabaki ya mboga na majani ya Tithonia, kisha samadi, halafu nyunyiza majivu kidogo na udongo. Rudia hivyo hadi rundo lifike kifuani, upana wake ukiwa mita moja na nusu hivi. Kila tabaka limwagiwe maji, maana Januari ni kavu, na juu pafunikwe kwa majani ya mgomba. Chomeka kijiti kirefu katikati. Ukikichomoa baada ya siku chache kikiwa na joto, vijidudu vinafanya kazi. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikinuka kama yai viza, hewa haipiti na rundo lapaswa kupinduliwa. Hata lisiponuka, lipinduliwe kila baada ya wiki tatu. Mifupa na mabaki ya nyama yafukiwe katika shimo refu, la sivyo mbwa watalifumua rundo usiku wa kwanza.

Si haki kumwahidi mkulima miujiza. Rundo la boma moja halitoshi ekari ya mahindi, wala mboji peke yake haifidii fosforasi iliyokwisha. Mwenye uwezo wa kununua mbolea ya ruzuku, ambayo bei yake ilishushwa hadi Sh2,500 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka wa 2023, asiiache. Lakini bustani ya sukumawiki, managu na kunde kando ya nyumba, pamoja na migomba kadhaa, hushibishwa na rundo hilo. Isitoshe, mbolea ya dukani hushikwa vyema zaidi na udongo wenye mboji kuliko udongo mtupu unaooshwa na mvua ya kwanza.

Yamebaki yasiyooza. Wazee wanaikumbuka kreti ya soda: hukuuziwa kinywaji uondoke nacho bila kuacha chupa tupu au amana. Chupa haikutupwa kwa sababu ilikuwa na bei, na sijaona mpango wa kurejeleza taka ulioushinda huo. Chupa ya plastiki haina amana, na marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Agosti 28, 2017, pamoja na ukali wake wa faini ya hadi Sh4 milioni, haikuigusa. Ikitupwa mtaroni, mvua huiteremsha kupitia vijito hadi Ghuba ya Winam. Ndiyo maana jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa takriban tani 10 za plastiki iliyotupwa, lilifanya safari katika Ziwa Victoria kuanzia Kisumu mnamo Machi 2021. Kwa aliye nyumbani, chupa zioshwe, zibanwe na kukusanywa pamoja na za majirani, kwa kuwa wanunuzi hupima kwa kilo na gunia moja haliwavuti.

Betri na dawa zilizopitwa na wakati zisiingie katika mboji wala motoni. Kuhusu nepi hakuna jibu zuri, isipokuwa kuwaomba wazazi wachanga walete za kitambaa safari ijayo.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, na inazitwika kaunti jukumu la kujenga vituo vya kutenganishia. Kisumu inaijua gharama ya kuchelewa. Jaa la Kachok, karibu na uwanja wa Moi, lilirundikana kwa miongo kadhaa kabla ya serikali ya Gavana Anyang' Nyong'o, aliyechaguliwa 2017, kuanza kulihamisha.

Pasaka nayo haiko mbali. Vikundi vingi vya akina mama makanisani vina sahani na sufuria za kukodisha kwa harusi na matanga. Anayetarajia wageni aviendee mapema, kabla hajanunua sahani za kutumia mara moja.