Njumu za Mtoto na Mfuko wa Mzazi

Mtoto anaporudi nyumbani na habari kwamba amechaguliwa katika timu ya shule, furaha ya wazazi haikawii kufuatiwa na swali zito: viatu vya kuchezea vitatoka wapi? Kodi ya nyumba inangoja, unga unangoja, na daftari za muhula ujao nazo zinangoja. Njumu huja mwisho wa orodha, na mara nyingi fedha huwa zimekwisha kabla ya kuzifikia.

Tusilidharau jambo hili kwa kulidhania la anasa. Mtoto asiye na viatu huachwa benchi, na akiachwa mara tatu au nne huacha kwenda mazoezini. Nafasi anayoipoteza si ya kuwa tajiri wa Ulaya. Ni kweli kwamba Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, alifika Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2020, lakini wanaofika huko ni wachache mno. Anachopoteza mtoto ni afya, nidhamu na marafiki wema wa saa za jioni.

Kwanza, tuzijue sheria. Kanuni ya nne ya mchezo wa mpira huvitaja viatu kuwa kifaa cha lazima, pamoja na fulana, bukta, soksi na vikinga ugoko. Lakini haisemi kwamba viatu hivyo ni lazima viwe vya njumu, wala haitaji jina la kampuni yoyote. Katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1948, timu ya India ilicheza na Ufaransa wengi wa wachezaji wake wakiwa peku, na ilifungwa kwa mabao 2 kwa 1 tu. Hatusemi watoto wetu wacheze peku; mguu mtupu ukikanyagwa na mguu wenye njumu, anayeumia anajulikana. Tunasema kwamba ufundi wa mchezaji haumo katika jina lililoandikwa ubavuni mwa kiatu.

Pili, meno ya kiatu hufuata uwanja. Mwaka 1954, katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Bern, mvua ilinyesha na uwanja ukalowa. Wachezaji wa Ujerumani Magharibi walivaa viatu vilivyotengenezwa na Adi Dassler, ambavyo meno yake yaliweza kufunguliwa na kubadilishwa, wakaweka yale marefu ya kushika tope. Waliishinda Hungaria kwa 3 kwa 2. Basi jiulize, mtoto wako anacheza wapi? Viwanja vingi vya mitaa yetu ni vya udongo mkavu na changarawe. Hapo meno marefu hayazami. Humfanya mtoto asimame kama aliyepanda juu ya misumari, na kisigino huumia. Watoto wa miaka 8 hadi 15 hivi, ambao mfupa wa kisigino bado unakua, hupata maumivu hayo kwa urahisi. Kwao, kiatu chenye meno mengi mafupi ya mpira, au hata raba imara, hufaa kuliko njumu ya bei kubwa. Mzazi anayelijua hili ameokoa fedha na mguu kwa pamoja.

Tatu, kipimo. Wengi wetu hununua kiatu kikubwa kwa namba mbili au tatu ili "akue nacho", kisha tunajaza vitambaa mbele. Namba moja ya kipimo cha Ulaya ni karibu milimita 7. Namba tatu ni sentimita mbili za kiatu kisicho na mguu ndani yake. Mguu huteleza, malengelenge hutoka, na kifundo huteguka. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, mtoto akiwa amesimama na amevaa soksi za kuchezea. Inatosha.

Nne, tusiuonee haya mtumba. Mguu wa mtoto hukua upesi, ndiyo maana katika masoko kama Karume jijini Dar es Salaam huonekana njumu za watoto ambazo hazikuchakaa. Kabla ya kulipa, kunja kiatu uone kama soli inaachana na ngozi, gusa kila jino, na pitisha mkono ndani kutafuta msumari au mshono uliofumuka. Soli iliyoanza kuachia mwachie fundi viatu aishone mapema. Gundi peke yake haidumu. Baada ya mchezo, futa tope na uanike kivulini, kwa maana jua kali huikausha ngozi na kuipasua.

Tano, kidole kimoja hakivunji chawa. Timu ya mtaa inaweza kuwa na sanduku la viatu. Kilichombana mkubwa kinaingia sandukuni, mdogo anakichukua. Mwalimu au kiongozi wa timu aandike daftari la kilichoingia na kilichotoka, na wazazi wachange kidogo kila mwezi kwa ajili ya fundi. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwisho, ndugu msomaji, fedha zikiwa za jozi moja na nyumbani kuna kaka na dada wanaocheza wote wawili, usiamue haraka kwamba za kiume ndizo za kweli. Mwaka 2022 timu yetu ya wasichana wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, iliifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1 katika Kombe la Dunia nchini India na kufika robo fainali. Kila mmoja wa wasichana wale aliwahi kuhitaji jozi yake ya kwanza. Mtu hujikuna ajipatapo. Lakini unapojikuna, wakumbuke watoto wote wa nyumba yako.